MAUMIVU YETU, NA NANI AMSOMESHE DAKTARI WAKE



Mara nyingi katika kurasa hizi twaandika habari za mshahara, nyumba na saa za kazi. Leo twaandika habari za mgongo. Asicheke mtu. Kila aliyefanya kazi ya kuinua reli na kubadilisha mataruma ajua twasema nini.

Yuko mwenzetu wa genge, jina lake hatulitaji kwa kuwa hakutupa ruhusa. Siku moja walikuwa wakihamisha reli, mmoja akateleza, uzito ukamshukia yeye. Hospitalini alipigwa picha, mifupa ikaonekana mizima, akapewa vidonge na mapumziko ya siku tano. Sasa ni mwaka wa nne. Usiku hulala ameketi kitini. Akirudi kwa daktari huambiwa picha ni safi, na mnyapara akisikia picha ni safi husema, "Huyu ni mvivu tu." Na sisi tukiri kosa letu: tulianza kunong'ona maneno yale yale, maana kazi asiyoiweza yeye twaifanya sisi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mvivu gani hununua dawa kila juma kwa pesa zake mwenyewe? Mwenzetu hununua diklofenaki dukani kama mwingine anunuavyo sigara, na wengi wetu twafanya vivyo hivyo. Dawa hizo zikinywewa miaka na miaka bila daktari kuangalia, huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Mtu alianza na mgongo, atamaliza na figo.

Maumivu yasiyokwisha ni ugonjwa wenyewe. Hayo si maneno ya wafanya kazi peke yao. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya la Dunia, iliyoanza kutumika Januari 2022, ina fungu la maumivu yanayodumu zaidi ya miezi 3. Na daktari wake yupo duniani. Huyo kwanza huwa bingwa, mara nyingi wa nusukaputi, au wa mishipa ya fahamu, au wa kurudisha viungo katika kazi. Kisha huongeza mafunzo yaitwayo feloshipu. Marekani ni mwaka mmoja, Australia ni miaka miwili. Hufundishwa kupima maumivu ambayo picha haiyaonyeshi, kuchoma sindano karibu na mshipa unaouma, kutumia mofini bila kumfanya mgonjwa mtumwa wa dawa, na kusaidiana na mtaalamu wa mazoezi ya viungo na mtaalamu wa mambo ya akili.

Mmoja wa walioijenga elimu hiyo alitoka kwa watu kama sisi. John Bonica alizaliwa mwaka 1917 katika kisiwa kidogo cha Italia, akapelekwa New York akiwa mtoto, akang'arisha viatu na kuuza magazeti. Alijisomesha udaktari kwa kupigana mieleka, na mieleka ikamwachia maumivu ya viungo maisha yake yote. Alipowatibu askari waliojeruhiwa katika Vita Vikuu vya Pili, aliona ya kuwa daktari mmoja peke yake hayawezi maumivu ya namna hii, yafaa wakae wengi meza moja. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1953.

Sasa tufike penye ugomvi. Daktari wa Kenya husoma miaka 6 chuoni, hufanya mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini, kisha husoma tena miaka kadhaa awe bingwa. Akifika hapo ana watoto na ana madeni. Tukimwambia aongeze feloshipu kwa pesa zake, pengine katika nchi ya mbali, ni nani atakayekubali? Ni yule aliyekwisha kuona mahali pa kuzirudisha pesa hizo, yaani hospitali ya wenye nafasi katika mji mkubwa. Hatumlaumu. Aliyekopa hana budi kulipa. Lakini mtu wa genge hatafika mlangoni kwake, na sisi tukaao kando ya njia ya reli daktari wa namna hiyo hatujamwona katika hospitali zetu za umma.

Kwa hiyo twadai karo yake itoke katika kodi, na mshahara wake uendelee akiwa masomoni. Naye atie sahihi mkataba wa kutumika katika hospitali ya umma, Voi, Nakuru au Kisumu, si Nairobi tu. Madaktari walipogoma tangu Machi hadi Mei 2024, na malipo ya wale walio katika mwaka wa mafunzo yakiwa katika ugomvi ule, baadhi yetu waliwatukana. Walikosea. Ugomvi ule ni huu huu.

Tena tazameni sheria ya malipo ya kuumia kazini ya mwaka 2007. Ina jedwali. Kidole kikikatika, jedwali lasema ni asilimia ngapi. Maumivu hayana mstari wake. Jeraha lisilo katika jedwali hupimwa na daktari, na kalamu yake ina uzito. Daktari asiyefunzwa maumivu, aliye na picha safi mkononi, ataandika nini? Ataandika, "Anafaa kazini." Tajiri afurahi, kampuni ya bima ifurahi, na mtu arudi kuinua reli.

Iko hoja moja nzito, nasi hatuifichi. Husemwa ya kuwa madaktari wa nusukaputi wenyewe ni haba. Ukimtoa mmoja mwaka mzima, mama anayehitaji kupasuliwa atalazwa na nani? Ni kweli. Ndiyo sababu hatutaki mamia. Twataka wachache, na kila mmoja akirudi awe mwalimu wa maafisa wa kliniki na wauguzi. Uganda walibadili sheria mwaka 2004, wauguzi na maafisa wa kliniki waliopewa mafunzo maalumu wakaruhusiwa kuandika mofini. Jirani yetu si tajiri kuliko sisi.

Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kwa bima ya afya ya jamii. Hatukuulizwa kama twapenda. Basi na sisi tunaokatwa tuulize tutapata daktari gani, na wakuu wasituambie "mambo ya madaktari waachieni madaktari." Mgongo si wa daktari.

Neno hili litaletwa mbele ya mkutano wa tawi, na makatibu wa matawi mengine twawaomba walilete kwao, ili liwekwe katika madai yetu ya mwaka huu pamoja na mshahara. Mwenzetu wa genge amesema atakuja kusema mwenyewe, mradi awekewe kiti chenye egemeo. Benchi za ukumbini hawezi.