MEZA KWANZA, MGOMO BAADAYE



Wengi wenu hapa Kisumu mnatuuliza swali moja: kwa nini chama kinakwenda tena na tena kuketi na tajiri, na hali silaha ya mfanyakazi ni mgomo? Swali ni la haki, nasi twalijibu wazi.

Mgomo ni silaha yetu, hatukatai. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Lakini silaha ikitolewa kabla ya wakati wake humkata mwenyewe. Anayegoma bila kufuata sheria hana kinga: tajiri aweza kumwadhibu, wala hawezi kudai mshahara wa siku hizo. Kwa hiyo yafaa kila mwanachama azijue njia tatu za kumaliza ugomvi wa kazi.

Njia ya kwanza ni mazungumzo. Chama na tajiri huketi wao kwa wao. Hapa neno lingali mikononi mwetu, maana tusipokubali, hakuna mapatano. Tukikubaliana, mapatano yaandikwe, yatiwe sahihi, kisha yaandikishwe mahakamani. Yasipoandikishwa hayana nguvu ya sheria, hata kama tulishikana mikono.

Njia ya pili ni upatanishi. Mazungumzo yakivunjika, chama hupeleka habari kwa Waziri wa Kazi. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inampa siku 21 kumweka mpatanishi, naye mpatanishi ana siku 30 za kazi yake, ila pande mbili zikubali kumwongezea. Mpatanishi hakati neno. Husikiliza huku na huku, akatafuta mahali ambapo wote wawili waweza kusimama. Wazee wetu walimaliza magomvi mengi ya mipaka ya mashamba kwa njia hiyo hiyo.

Njia ya tatu ni uamuzi. Pande mbili hukubaliana kumpa mtu wa tatu mamlaka ya kukata shauri, na akisha kulikata limekwisha, limpendeze nani au limchukize nani. Hapa ndipo twaomba mfahamu sana. Katika njia mbili za kwanza twaweza kusema "hapana". Katika hii hatuwezi tena. Kwa hiyo si haki viongozi waingie katika uamuzi kabla ya kuwauliza wanachama, wala si akili kuingia bila hesabu za mishahara, bei za vyakula na barua zote mkononi. Mwamuzi hutazama ushahidi, kelele hazimsaidii.

Je, njia hizi zimepata kumfaa mfanyakazi? Tazameni Mombasa mwaka 1955. Wafanyakazi wa bandari waligoma mwezi wa Machi. Tom Mboya, aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama, alishuka huko akasaidia kupatanisha. Watu walirudi kazini, madai yao yakapelekwa mbele ya baraza la waamuzi, nalo likawapa nyongeza ya karibu theluthi moja. Mgomo ulifungua mlango, lakini fedha zilipatikana mezani. Mwezi wa Oktoba 1962, Mboya akiwa Waziri wa Kazi, Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi Mkataba wa Mahusiano ya Viwanda, na mwaka 1964 ikaanzishwa Mahakama ya Viwanda. Siku hizi ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na hapa Kisumu inaketi.

Wengine watasema: "Tajiri hupenda mazungumzo ili kutuchelewesha." Ni kweli, wapo wa namna hiyo. Dawa yake ni tarehe. Kila madai yaende kwa barua yenye tarehe, na nakala ibaki kwa katibu wa tawi. Siku za upatanishi zikiisha bila mapatano, sheria inaturuhusu kwenda mahakamani, au kutoa ilani ya maandishi ya siku 7 na kugoma. Hapo mgomo una kinga, wala mtu hafukuzwi kwa sababu ya kuufuata. Tajiri anayejua ya kuwa tumehesabu siku sawasawa hatatuchezea mezani.

Lakini tarehe hutudai na sisi pia. Ugomvi wa kuachishwa kazi yapasa upelekwe kwa Waziri katika siku 90. Tumeona wenzetu wakifukuzwa, wakarudi nyumbani Nyakach au Alego kwa hasira na aibu, wakaja ofisini kwetu baada ya miezi mitano. Haki ilikuwa yao, siku zikawa zimepita. Ndugu, ukipewa barua ya kufukuzwa leo, njoo nayo leo.

Katika reli dereva haingii katika njia moja kabla ya kupewa ruhusa, hata akiwa na haraka namna gani, maana anajua aweza kukutana na nini mbele. Nasi tufanye vivyo. Njooni katika mkutano wa tawi kabla wajumbe hawajakwenda kwa tajiri, mseme mnataka nini, na kiasi gani hamwezi kushuka chini yake. Wajumbe wasiojua mawazo ya wanachama hawana la kusema mezani, na mgomo wao hauna wa kuufuata.