UKURASA WA NYUMBANI: Banda la Kumshinda Mwewe

Wahenga walisema kwamba kuku wa maskini hatagi, akitaga, haangui, na akiangua, vifaranga huchukuliwa na mwewe. Msemo huu huchekesha, lakini mwenye kuufikiri ataona kwamba hasara zote zilizotajwa humo zina dawa moja: makao mema. Juma hili basi tutazungumzia ujenzi wa banda la nyuma ya nyumba, la kuku majike 20 na jogoo 2.

Katika nyumba nyingi za hapa Uganda kuku hulazwa jikoni kwa kuogopewa wezi. Desturi hiyo ina madhara. Kinyesi cha kuku hubeba vijidudu viletavyo kuhara, na mtoto anayetambaa hutia mkononi na kinywani kila akiokotacho sakafuni. Yafaa kuku watoke ndani, lakini wakae karibu kiasi cha mwenye nyumba kusikia kelele zao usiku.

Chagueni mahali palipoinuka, pasipotuama maji. Banda liwe na urefu wa mita 3 na upana wa mita 2, na urefu huo uelekee mashariki na magharibi, ili jua kali la asubuhi na la alasiri lisiingie ubavuni. Kazi ianze mwezi wa Julai, ili paa liwe tayari kabla ya mvua za Septemba.

Simikeni nguzo 6 za mkaratusi, tatu mbele za mita 3.2 na tatu nyuma za mita 2.8, zote zikizama ardhini sentimita 60. Sehemu itakayofukiwa ipakwe oili chafu ya gari, kwa sababu ya mchwa. Sakafu iwe sentimita 80 juu ya ardhi. Chini yake, kila nguzo ivishwe bati lililokunjwa mfano wa faneli iliyofudikizwa; panya, kanu na nyoka wapandao nguzo watakwama hapo. Siafu hawazuiliwi na bati. Mwagieni majivu ya moto kila mnapoona msafara wao.

Sakafu ni ya fito au mianzi iliyopasuliwa, iliyopigiliwa kwa nafasi ya sentimita 2, ili kinyesi kianguke chini. Hapo kitazolewa kila juma na kuwekwa shimoni kioze, kisha kiende kwenye migomba na mboga. Anayepanda mchicha ataona faida yake.

Kuta ndizo zinazowaponza wajenzi wengi. Mtu hutumia fedha nyingi, akaziba banda pande zote kwa mbao nzuri, akapaka na rangi. Halafu kuku wakaanza kukoroma na kutoa kamasi. Hewa ya kinyesi huchoma macho na mapafu ya kuku. Kwa hiyo zibeni kwa mabanzi sentimita 60 za chini tu, na juu pawe na wavu wa waya wenye matundu madogo. Upande wa upepo wa mvua ning'inizeni pazia la magunia, la kushushwa inapohitajika. Paa la bati lipite kuta kwa nusu mita. Nyasi ni baridi zaidi, lakini huficha panya na utitiri.

Ndani, wekeni vitulio viwili vya mti, kila kimoja cha mita 2.5, vyenye unene wa sentimita 5 na kingo zilizolainishwa. Viwe sawa kwa kimo, kwani kuku hupigania kilicho juu. Kila kuku huhitaji sentimita 20 za kutulia.

Sasa tumrudie kuku asiyetaga. Mara nyingi hutaga, ila huyaficha mayai vichakani. Mpeni kiota chenye giza: visanduku 5 vya sentimita 30 kila upande, vilivyotandikwa nyasi kavu na kuwekwa chini kuliko vitulio, wasije wakalala humo. Visanduku vitokeze nje ya ukuta, na vifuniko vyake vifungwe kwa bawaba, ili hata mtoto aweze kuokota mayai bila ya kuingia bandani.

Kuku mwenye kuatamia atengwe pembeni na mayai 10 au 12, pamoja na chakula na maji. Baada ya siku 21 vifaranga hutoka. Waingizeni pamoja na mama yao katika tundu lililofunikwa wavu hata juu, kwa muda wa majuma sita. Hapo mwewe atapita na kwenda zake.

Yuko lakini adui asiyezuiliwa na wavu wala kufuli, nao ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu waweza kufagia banda zima katika siku chache, na hauna dawa ya kutibu. Kinga ipo. Chanjo ya I-2, iliyotengenezwa Australia na inayostahimili joto kuliko zile za zamani, hutiwa tone moja jichoni, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Wanaopewa ni kuku wazima tu, wala si waliokwisha kuugua. Muulizeni bwana mifugo, nanyi majirani mchanje siku moja, maana kuku hawajui mipaka ya ua.

Tena, Januari 2017 mafua makali ya ndege yalithibitishwa nchini kwa ndege wa porini kandokando ya Ziwa Victoria na kwa kuku na bata. Kuku wakifa wengi kwa ghafula, msiwale wala msiwauze. Toeni habari upesi.

Katika nyumba nyingi kuku ndio akiba ya mama: karo ya shule, dawa ya mtoto, kitoweo cha mgeni. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Asiyeweza kujenga banda lote mwaka huu, na aanze na tundu la vifaranga na chanjo. Mengine yatafuata kwa fedha za mayai.