UCHAMBUZI: Familia za wagonjwa wa ini zinastahili kuambiwa ukweli mapema

HARAMBEE za matibabu zimekuwa jambo la kawaida nchini. Kundi la WhatsApp huundwa, kipande cha shamba hutafutiwa mnunuzi, na hatimaye mgonjwa husafirishwa hadi India akiwa tumbo limefura na macho yamegeuka manjano. Katika pilkapilka hizo, swali moja huulizwa kwa nadra sana: Je, mgonjwa huyu ana nafasi gani ya kuishi, na angekuwa na nafasi gani iwapo angesafiri miezi sita mapema?

Kwa mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu na kukakamaa, swali hilo lina jibu la kukadiria. Sayansi imekuwa ikilitafuta kwa zaidi ya miaka 60, na vipimo vinavyohitajika si vya ajabu.

Kwanza, ugonjwa huu una awamu mbili. Katika awamu ya kwanza ini huwa na makovu lakini bado linamudu kazi yake. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wa aina hii huishi miaka 12 au zaidi. Awamu ya pili huanza pale maji yanapojaa tumboni, mgonjwa anapotapika damu au akili yake inapovurugika. Kuanzia hapo, takriban nusu ya wagonjwa hufariki katika muda wa miaka miwili hivi wasipopandikizwa ini.

Mnamo 1964, madaktari wapasuaji Charles Child na Jeremiah Turcotte wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliwapanga wagonjwa wa sirosisi katika makundi matatu kulingana na hatari ya kuwapasua. Mwaka wa 1973, Pugh na wenzake jijini London waliuboresha mpango huo. Daktari huangalia mambo matano: bilirubini, ambayo ndiyo hugeuza macho kuwa manjano, albumini, ambayo ni protini inayotengenezwa na ini, kasi ya damu kuganda, maji tumboni, na hali ya akili. Kila moja hupewa alama 1 hadi 3. Mwenye jumla ya 5 au 6 huwa katika kundi A, wa 7 hadi 9 kundi B, na wa 10 hadi 15 kundi C, ambalo ndilo lenye hatari kubwa zaidi.

Njia hiyo ingali inatumika, ila ina udhaifu. Maji ambayo daktari mmoja atayaita machache, mwingine huenda akayaita mengi. Ndiposa mwaka wa 2000 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, wakatoa hesabu inayojulikana kama MELD. Hii ilitegemea damu pekee: bilirubini, muda wa damu kuganda, na kriatinini ambayo huonyesha hali ya figo. Jibu lake hupatikana kati ya 6 na 40.

Mnamo Februari 2002, Marekani iliitwaa hesabu hiyo kuamua ni nani atangulie kupewa ini. Awali, muda ambao mtu alikuwa amekaa kwenye foleni ulikuwa na uzito mkubwa. Baadaye, aliyekaribia kifo ndiye aliyetangulia. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 kuhusu waliokuwa wakisubiri ini ulionyesha kwamba, kati ya wagonjwa 100 wenye alama chini ya 9, wawili hivi walifariki katika miezi mitatu. Waliofika 40, walifariki takriban 71.

Hata hivyo, nambari haikosi mkono wa binadamu. Wanawake wengi wana misuli michache kuliko wanaume, hivyo kriatinini yao huwa chini hata figo zinapodhoofika. Kwa miaka mingi walipata alama pungufu na kuachwa nyuma kwenye foleni. Sodiamu iliongezwa kwenye hesabu mwaka wa 2016, lakini dosari hiyo haikurekebishwa hadi Julai 2023, wakati toleo jipya lilipoanza kuwaongezea wanawake alama.

Funzo hilo linaihusu Kenya moja kwa moja. Katika mashamba ya mpunga ya Mwea na kwenye fuo za Ziwa Victoria, kuna wagonjwa wanaotapika damu kutokana na kichocho. Ugonjwa huo huziba mishipa ya damu ndani ya ini, lakini mara nyingi huacha utendakazi wa ini ukiwa mzuri. Alama zao zinaweza kuwa za chini ilhali damu inayowatoka inaweza kuwaua usiku mmoja. Kadhalika, atazanavir, mojawapo ya dawa za virusi vya HIV, hupandisha bilirubini bila ini kuharibika, na dawa za kuzuia damu kuganda huweza kuvuruga hesabu. Daktari asiyemjua mgonjwa wake atapotoshwa na nambari.

Lakini kasoro hizo si sababu ya kuitupa hesabu yenyewe. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba familia nyingi haziambiwi kitu hadi mambo yaharibike. Miongozo ya kimataifa hupendekeza mgonjwa aanze kuchunguzwa kwa ajili ya kupandikizwa ini anapofikisha alama 15, au maji yanapojaa tumboni kwa mara ya kwanza. Upasuaji huo, kwa Wakenya wengi wanaoelekea India, huhitaji jamaa aliye tayari kutoa kipande cha ini lake. Jamaa huyo hapatikani kwa siku mbili, wala pesa hazichangwi kwa wiki moja.

Jambo lingine ambalo familia hunyimwa ni matumaini ya kweli. Alama hizi si hukumu isiyo na rufaa. Mlevi anayeacha pombe kabisa, au mwenye homa ya ini aina ya B anayepewa tenofovir kwa wakati, anaweza kuziona alama zake zikishuka. Kipimo kimoja hueleza hali ya leo, lakini vipimo vitatu vya miezi tofauti huonyesha mgonjwa anaelekea wapi.

Kwa wengine, nambari itasema kuwa safari imechelewa. Hao wanastahili kuambiwa hivyo kwa upole, ili wapunguziwe maumivu nyumbani na watoto wasibaki bila shamba wala mzazi.

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya NHIF, na sheria iliyoiunda ina hazina ya magonjwa sugu na mahututi. Hazina hiyo haitawafaa wagonjwa wa ini iwapo watafikishwa hospitalini wakiwa na alama 35. Hatua ya kwanza haihitaji bajeti kubwa: alama ziandikwe kwenye faili ya kila mgonjwa wa sirosisi, zihesabiwe upya kila anaporudi kliniki, na zielezwe kwa lugha anayoielewa yeye na jamaa zake.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Katika maradhi ya ini, anayeficha mara nyingi si mgonjwa, bali ni karatasi ya maabara ambayo hakuna aliyemsomea.