Begi dogo sawa, lakini Molo kuna baridi

Mwandishi, ushauri wa kusafiri na begi moja naukubali. Ila anayezunguka huku kwetu anapaswa kujua kwamba kutoka Nakuru, kwa muda usiofika saa mbili, unaweza kuingia joto au baridi kali. Ukishuka Marigat jasho linakutoka kabla hujaelewana na mtu wa boda. Ukipanda Molo, au Nyahururu iliyo zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, jua likizama tu unauliza jaketi iko wapi.

Kwa hiyo chagua nguo zinazovaliana: fulana, shati jepesi la mikono mirefu, sweta, kisha jaketi nyembamba ya mvua. Molo unazivaa zote pamoja. Marigat unabaki na shati. Jinzi nzito iache nyumbani, maana ikilowa Aprili haikauki.

Na mbona leso haikutajwa? Alfajiri kwenye matatu ni shali, Bogoria ni kivuli cha kichwa, usiku ni shuka, na ukinunua viazi barabarani unavifunga humo. Hakuna vazi la dukani linaloifikia.

Kwa wageni: msibebe nguo za rangi za kijeshi, raia haruhusiwi kuzivaa Kenya. Mifuko ya plastiki nayo ilipigwa marufuku Agosti 2017, na tangu Juni 2020 chupa za maji za kutupa haziruhusiwi ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Njooni na chupa ya chuma.