Ufaransa mla riba anafungwa, hapa anayejificha ni wewe!

Kijana mwenzangu, hebu weka kando hiyo drafti hapo kijiweni unisikilize. Simu yako ikilia kwa namba usiyoijua, unapokea? Hupokei! Unajua ni wale jamaa wa mkopo wa simu. Uliomba shilingi 50,000, ukapewa pungufu kwa sababu "ada" ilikatwa kabla hujazishika, na sasa deni limevimba huku mama mkwe na bosi wako wakitumiwa ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Ndiyo maana mtaani mikopo hii imepewa jina lake halisi: kausha damu.

Sasa twende Ufaransa. Usicheke, nina sababu yangu.

Tarehe 28 Desemba 1966, nchi hiyo ikiongozwa na Jenerali de Gaulle, mwanajeshi ambaye hakuna aliyethubutu kumwita mkomunisti, ilipitishwa sheria ya kuwabana wala riba. Kanuni inayotumika leo hata mtoto wa darasa la tano ataielewa. Benki Kuu yao inakusanya viwango vya riba ambavyo mabenki yametoza kwa kila aina ya mkopo, inatafuta wastani, kisha inaongeza theluthi moja. Hapo ndipo mwisho! Wastani ukiwa asilimia 6 kwa mwaka, mwisho ni asilimia 8. Tena ada na gharama zote anazolazimishwa mkopaji zinahesabiwa humo humo. Hakuna cha kukata pembeni.

Na anayevuka? Kifungo hadi miaka miwili na faini hadi yuro 300,000. Kile alichotoza zaidi kinapunguzwa kwenye deni, na kama deni limekwisha, anakirudisha pamoja na riba juu yake. Umesikia hiyo? Mnyonyaji anarudisha!

Si hilo tu. Ukichukua mkopo wa matumizi ya kawaida una siku 14 za kughairi bila kuulizwa sababu. Mkopo wa nyumba huruhusiwi hata kuukubali kabla ya siku 10 kupita, ili ulale na kuamka ukiutafakari. Benki ikikunyima akaunti, unakwenda Benki Kuu, nayo inaitaja benki ambayo itakufungulia, itake isitake. Na deni likikuzidi nguvu, tangu sheria ya 31 Desemba 1989 ipo tume ya kushughulikia madeni. Unapeleka faili lako bure, na likikubaliwa, wadai wanasimamishwa kukamata mali zako wakati deni linapangwa upya.

Hatuwafanyi Wafaransa malaika. Ndugu zetu wa Afrika Magharibi watakueleza walivyobanwa na faranga ya CFA. Lakini nyumbani kwao wamekubali jambo moja: mwenye kuiogopa sheria ni yule mwenye fedha, si yule mwenye shida.

Najua watakaokuja na tai zao kusema kwamba ukiweka kikomo, mabenki yatafunga milango kwa mlalahoi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, tusidanganyane. Mwaka 2022 riba zilipopanda kwa kasi, kikomo cha Ufaransa kilichokuwa kikikokotolewa kila miezi mitatu kilibaki nyuma, na watu wenye mishahara yao wakanyimwa mikopo ya nyumba. Je, waliitupa sheria? La! Kuanzia Februari 2023 wakakikokotoa kila mwezi mpaka mwaka ukaisha. Jirani zetu wa Kenya waliweka kikomo chao mwaka 2016, mabenki yakawakwepa wakopaji wadogo, na Novemba 2019 kikomo kikafutwa. Mmoja alitengeneza paa lililovuja, mwingine akaling'oa.

Na sisi? Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Vizuri. Lakini kutaja majina si kurudisha fedha. Hivi wewe uliyekamuliwa ulirudishiwa senti ngapi?

Kwa hiyo siku mgombea atakapokuja na fulana na kofia, usimpigie makofi haraka. Mwulize mambo matatu. Kikomo cha riba, pamoja na ada zote, ni kiasi gani, na kinabandikwa wapi ili hata dereva wa bodaboda akisome? Mkopeshaji akikivuka, analala wapi usiku huo? Na kile alichomkamua maskini, kinarudi lini mfukoni mwake?

Akianza kukwambia habari za "mchakato unaendelea", mrudishie fulana yake. Kura ni yako, na damu inayokaushwa ni yako pia. Amka kijana!