Jazira la Nani?
Jumanne jioni, kwenye baraza ya kahawa, runinga ilikuwa kwenye kituo cha Al Jazeera, na mzee mmoja wa Kipemba akanyoosha kikombe chake: "Hao wametwaa jina la kwetu." Tukacheka, ila nilipofika nyumbani nikaona mzee hakukosea sana. Waarabu wa zamani waliiita Pemba Al-Jazira al-Khadra, kisiwa cha kijani, na jina hilo hilo, neno kwa neno, wakaupa mji wa kusini mwa Uhispania ambao leo ramani zinauandika Algeciras. Aljeria nayo maana yake ni "visiwa" tu, kwa ajili ya vijisiwa vilivyokuwa mbele ya bandari ya Algiers. Sudan wana Gezira, nchi ya mashamba ya pamba kati ya Nili mbili, mbali kabisa na chumvi ya bahari. Hata kituo chenyewe, kilichoanza Qatar mwaka 1996, kinataja rasi ya Uarabuni. Maji yakipazunguka mahali, hata nusunusu, Mwarabu keshapata jazira. Mie mtoto wa bara nilidhani jina la mahali hutoka kwa wenyeji. Kumbe mara nyingi mgeni hubatiza akiwa bado chomboni. Kutoka baharini Pemba ni kijani kitupu; aliye ndani anajua mkarafuu huu ni wa nani na mpaka unapita wapi. Jioni ile barazani, mzee alilipa vikombe vyake viwili, akaomba tuwekewe mpira.