Nani Aliona Oganesoni Ikiwa Gesi?

Wasee, tuache kukremu kemia. Tunaambiwa kundi la 18 ni gesi tupu, hazichanganyiki na kitu. Haya, na oganesoni, namba 118, pale chini kabisa? Ilitengenezwa Dubna, Urusi, 2002, kwa kugonganisha kalifoni na kalisi. Atomu zilizopatikana unazihesabu kwa vidole. Kata sekunde vipande elfu: kwa kawaida atomu moja haimalizi hata kipande kimoja, imeshavunjika. Sasa nani aliiona ikiwa gesi? Hakuna! Hesabu za wanasayansi zinasema huenda ni kitu kigumu, tena kinachoweza kushikana na elementi zingine. Kwa hivyo ukiambiwa "andika gesi, usiulize", wewe uliza. Maksi utapata ukinyamaza, lakini elementi ya 119 haitaletwa na walionyamaza.